Kitambaa Chini ya Kufuli

Makufuli kumi na tisa ya magurudumu yaliibwa asubuhi kutoka stoo ya kampuni ya kufunga magari yaliyoegeshwa vibaya, na kabla ya saa tano yote yalikuwa yamepatikana. Hapo ndipo kichwa cha Inspekta kilipoanza kumuuma.

Yalipatikana uani pa jengo la mikutano, kila moja limebana gurudumu la gari la mjumbe wa kamati ya sheria. Wajumbe walijaa ngazini wakipiga kelele kama kuku walioona kicheche.

"Mwizi gani huyu anayeiweka mali hadharani?" Inspekta alimuuliza Koplo wake.

"Labda ni mzaha, afande."

"Mzaha? Hebu nyanyua moja uone uzito wake."

Mlango wa stoo haukuvunjwa. Hakuna aliyepiga simu kudai chochote. Mlinzi wa geti aliapa hakuona mgeni, ila mfungaji magari mwenye sare, akiwa kazini. Inspekta alizunguka uani mara mbili, akajikuta palepale alipoanzia.

Saa nane kamati ilikuwa ipigie kura muswada wa kudhibiti ufungaji wa magari: mfungaji awe na leseni, mabango yawekwe, na gari lenye mgonjwa lifunguliwe papo hapo, mambo ya faini baadaye. Asiyeutaka alijulikana. Inspekta akamwita meneja wa kampuni.

"Niwafungie wajumbe magari siku ya kura?" meneja alifoka. "Mimi nijichimbie kaburi mwenyewe?"

Kweli tupu. Inspekta akachuchumaa kwa uchovu kando ya gari jeusi, na hapo akaona kitambaa safi kilichokunjwa chini ya taya la kufuli, rimu isikwaruzwe. Gari la pili, kitambaa. La tatu, kitambaa.

"Wafungaji wako wote hufanya hivi?"

"Thubutu! Ni mzee mmoja tu. Wenzake humwita Bwana Kitambaa."

Walimkuta kwenye kibanda cha mlinzi, ameketi na bunda la funguo mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unazuia kura?"

"Nizuie? Muswada huu umefika hapa mara tatu. Mara tatu wametia saini ya mahudhurio, wakanywa chai, wakapanda magari yao. Akidi haitimii, kura haipigwi. Leo nimetaka wakae."

Inspekta nusura acheke. "Lakini mzee, wewe kazi yako ndiyo hii. Sheria ya kukubana wewe mwenyewe unaitakia nini?"

Mzee alizigeuzageuza funguo.

"Mwaka juzi nilifunga gari nje ya soko. Wakaniambia redioni dereva analia, ndani mna mama mjamzito. Nikajibu, wote husema hivyo. Nikamaliza kula kwanza. Gari lilikuwa la kuazima, sikulijua. Kufika, wameshamkimbiza kwa mkokoteni. Alikuwa binti yangu. Yeye alipona. Mjukuu wangu hakupona."

Koplo aliacha kuandika.

"Binti yako anajua aliyefunga?" Inspekta aliuliza taratibu.

"Hajui. Kila wiki ananipakulia chakula, ananiita baba. Andika yote, mwanangu. Nimechoka kumficha."

Inspekta alimwonea huruma, akamkasirikia, kisha akamwonea huruma tena. Ilikuwa saa nane kasorobo alipotoka na funguo mkononi. Mjumbe mnene akamdaka.

"Si funguo hizo? Tufungulieni!"

Nje ya geti waandishi wa habari walikuwa wameshapanga kamera. Kuondoka kwa miguu hakuna aliyethubutu.

Asubuhi nzima Inspekta hakuwa ameelewa kitu, na hata sasa hakujua kama analolifanya ni sawa.

"Koplo, mtaalamu wa alama za vidole anafika saa ngapi?"

"Alama za vidole, afande? Si mzee ameshakiri..."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Basi hadi saa kumi hakuna kugusa gari hata moja. Huo ni ushahidi."

Mjumbe alifungua mdomo, akaziangalia kamera, akaufunga. Mmoja mmoja wakarudi ndani, wakinung'unika.

Kengele ya kikao ikalia. Mzee aliisikiliza kibandani hadi iliponyamaza, kisha akanyoosha mikono atiwe pingu.