Kadi za Chumba cha Redio

Siku msimu wa uvuvi ulipofunguliwa, manahodha arobaini wa boti za kukodi walisukumana kwenye dirisha moja la vibali, kwa sababu wakubwa waliona madirisha mawili ni ufujaji. Nahodha mmoja, shati la samawati limemganda mgongoni kwa jasho, alirudi nyuma akamkanyaga mtu.

"Huo ni mguu, kaka, si gati."

Aligeuka. Aliyekanyagwa alikuwa karani mpya wa redio wa bandari, gauni la njano, kalamu amechomeka kwenye nywele.

"Samahani, dada. Nitakuletea samaki."

"Hata boti hujawasha, ahadi tayari. Nyinyi manahodha."

Wiki ya tatu walikuwa wanaitana mpenzi. Kila alfajiri, kama sheria ya bandari ilivyotaka, nahodha alimpigia simu kusema mwamba anaowapeleka wageni wake kuvua. Karani aliandika kwenye kadi, akaifungia kwenye droo. Kadi ilitolewa boti ikipotea tu, maana mwamba wenye samaki ni siri ya nahodha. Wageni hawakodi boti inayorudi tupu.

"Leo wapi, mpenzi?"

"Kusini, mwamba wa pili. Umekunywa chai?"

"Nitakunywaje na wewe hukati simu?"

Halafu, siku tatu mfululizo, nahodha alizikuta boti nyeupe za shemeji wa mkuu wa bandari zimemtangulia palepale alipokuwa anakwenda. Wenzake wakamcheka. "Nani mwingine anajua? Si huyo malkia wako wa njano?"

Angemuuliza, yangeisha. Hakumuuliza. Alimtega.

"Leo wapi?" karani aliuliza alfajiri ya nne.

"Kusini. Mwamba wa pili."

"Mbona sauti kavu hivyo?"

"Usingizi," akasema, akakata simu, akaelekea kaskazini na wageni wanne.

Saa tano asubuhi upepo ulibadilika ghafla. Wimbi liliingia kwa nyuma, injini ikanywa maji, ikazima. Redio nayo ikalowa. Nanga iliburuzika mchangani na boti ikasogea, kidogo kidogo, kuelekea mawe.

Bandarini karani aliita boti zote. Moja haikujibu: ya mpenzi wake. Alifungua droo, akasoma kadi, akaziita boti nyeupe zilizokuwa kusini.

"Mtafuteni hapo mwamba wa pili."

Walizunguka, wakazunguka. Dakika arobaini.

"Hapa hakuna mtu ila sisi," yule shemeji wa mkuu akajibu.

"Na nyinyi nani aliwaambia mwende hapo?"

Upande wa pili redio ikazimwa. Karani akaushika ufunguo wa droo, aliouvaa shingoni. Basi mkuu alikuwa na wake, na kadi alikuwa akimsomea shemeji yake. Na mpenzi wake alikuwa amemdanganya. Hakujua lipi limuume kwanza.

Simu yake ikalia. Mtandao ulikuwa unakwenda na kurudi.

"Boti nyeupe ziko kusini?" nahodha aliuliza.

"Ziko."

"Basi ni wewe."

"Utanihukumu ukifika nchi kavu. Uko wapi?"

Nahodha alimtazama mgeni mmoja aliyevaa jaketi la kuokolea nyuma mbele, akilia bila sauti.

"Maili nane kaskazini. Nyuma ya mwamba mrefu."

"Nitapatangaza redioni. Kila nahodha atapajua."

"Tangaza."

Mkuu wa bandari aliingia na kikombe chake cha kahawa. Boti ya uokoaji haikuwa na mafuta tangu mwezi uliopita. Gari lake halikuwahi kukosa.

"Waite walio karibu," alisema. "Ila habari ya mafuta usiiguse."

Karani alibonyeza kitufe akasema yote: mahali, mafuta, na ufunguo wa pili. Boti tano zikageuza kaskazini.

Saa tisa alasiri nahodha na wageni wake walivutwa hadi gatini, wamelowa, wazima; njiani waliomvuta walikuwa wamemweleza habari ya ufunguo wa pili. Karani alikuwa amesimama pale, vitu vyake vyote kwenye mfuko wa plastiki.

"Wamekufukuza?"

"Nimetoa siri za ofisi."

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Ungeniuliza."

"Niliogopa jibu."

"Nimewatuma watu kusini dakika arobaini, wewe unakufa kaskazini. Ungekufa, mimi ningeishi vipi na kadi ile?"

Nahodha aliinama akakamua shati. Maji yalimdondoka kwenye suruali. Mwishowe akasema, "Nikija kwenu kesho na mjomba wangu, mama atatufungulia?"

"Mama atafungua. Mimi ndiye sijui."

Akamkabidhi mfuko.

"Beba. Nyumbani ni dakika ishirini kwa miguu. Nataka kila uongo uliowahi kuniambia."

"Ni huo mmoja tu."

"Basi dakika zitakazobaki uombe radhi."

Alianza hata kabla hawajatoka gatini.