Laini ya Kiguu na Njia

Duka la simu la ghorofa ya chini lilifurika mpaka mlangoni, na kila aliyekuwemo ana lake. Huyu laini imefungwa, yule kasahau namba ya siri, mwingine kaja tu kupunga upepo wa kiyoyozi na kusikiliza shida za wenzake. Katikati ya purukushani hiyo akaingia msusi wa mtaa wa nyuma. Gauni la kijani lilimkaa kama vile alishonewa akiwa amelivaa, nywele kazibana juu, hereni zinacheza. Ila miguuni, badala ya viatu vya kike, alivaa mabuti mazito ya kupandia milima. Foleni nzima iliteremka na macho mpaka kwenye mabuti, ikakwama hapo.

Alikuwa anayalainisha kabla ya safari. Shangazi yake ndiye aliyempa jina la Kiguu na Njia, kwa kuwa siku yake ya mapumziko hakuna aliyewahi kumkuta amekaa. Sasa alikuwa amejiunga na kundi la wanawake watembezi, wanaenda kuikata nchi ya watu kwa miguu, kutoka pwani yake hadi ng'ambo ya milima. Pale saluni walishamsema wakachoka. Mtu anakata tiketi ya ndege ili akatembee? Barabara za hapa zina kasoro gani? Yeye anacheka, mkono uko kwenye nywele za mteja, akili iko mlimani.

"Nataka laini ya kutumia nje," alimwambia kijana wa kaunta. "Na bando kubwa kuliko yote mliyonayo."

Kijana huyo alikuwa mrefu wa kuinama mlangoni, shati limepigwa pasi likanyooka, na watu wa jengo zima walimwita Mnara. Hakugusa bando lolote.

"Utakuwa unalala wapi?" aliuliza.

Nyuma ya msusi foleni yote ikatega masikio.

"Kaka, mimi nimeulizia laini."

"Na mimi naulizia laini, dada yangu. Mjini kila mtandao unashika. Ukilala bondeni ni habari nyingine."

Basi msusi akamtajia vijiji atakamolala, na Mnara akamchambulia mambo taratibu, kama mtu anayechambua mchele wa mgeni. Laini yake ya nyumbani akiitumia kule, itamkata pesa hata kwa kupokea tu. Ile ya wasafiri, inayouzwa kwa mbwembwe viwanja vya ndege, inawafaa wanaolala hotelini. Kwa anayepanda milima, dawa ni laini ya nchi ileile. Lakini ya kampuni ipi? Hapo Mnara hakujitia ujuaji. Alimpigia rafiki yake dereva wa malori anayekatiza milima hiyo, akaweka sauti ya nje, na foleni yote ikapata faida. Dereva akasema kule juu unashika mtandao mmoja tu, mingine ni mapambo, na laini yenyewe ataileta akirudi. Mwisho Mnara akamshauri aiache nyumbani simu yake kubwa, abebe kisimu cha vitufe, ambacho chaji yake inakaa siku nyingi.

Msusi akatoka bila laini wala bando, na njiani anajikuta anatabasamu na watu asiowajua. Alishazoea wauzaji wanaokuuzia lolote lililo karibu na mkono. Huyu alikuwa amejinyima mauzo mbele ya macho yake, tena bila kujisifu.

Siku ya pili akapita "kuulizia kama laini imefika", akijua fika kwamba lori lenyewe bado halijavuka mpaka. Siku ya tatu akachukua kalamu pale kaunta, akaandika namba yake kwenye kiganja cha Mnara mwenyewe. Jioni simu ikalia.

"Kiguu."

"Nani kakwambia jina hilo?"

"Jengo zima linalijua. Mabuti yanaendeleaje?"

"Yananibana. Na wewe je?"

"Mimi hakuna kinachonibana, isipokuwa hamu ya kukuona."

"Mnara, maneno hayo unawauzia wangapi?"

"Hilo halipo dukani, mpenzi. Ni la akiba."

Ikawa hivyo kila jioni, na asubuhi za mapumziko wakawa wanatembea pamoja kumwandaa mwenye safari. Mara ya kwanza Mnara alikuja na viatu vyake vya kazini vinavyong'aa. Kufika bondeni visigino vimechubuka, anachechemea kama bata, na hakulalamika hata neno. Msusi alimtazama yule mtu mrefu akijikaza, kitu kikamlegea kifuani. Aliwahi kuolewa na mwanamume mwenye ulimi wa asali ambaye kila siku alikuwa "njiani anakuja" na kumbe yuko kwingine kabisa. Alipoachana naye alijiapia kwamba akimkamata mwanamume mwingine kwa uongo, hata mdogo, hatasubiri wa pili. Sasa akamwambia shangazi kwamba safari hii amepata mtu mkweli. Shangazi akasema haya, tutaona.

Laini ilifika mkesha wa safari. Mnara akaiweka kwa mkono wake kwenye kile kisimu, akaijaribu, akafunga kifuniko, akampa pamoja na kadi yake ya kazini yenye namba yake. Wakaagana pale nje ya duka, watu wanapita wanawapiga vikumbo, wao hawasikii.

Huko ugenini safari ilikuwa tamu kuliko alivyoiota. Njia zilipanda, zikashuka, zikazunguka mashamba na kuta za mawe, na kisimu kilishika mtandao kila walipolala, kama alivyoahidiwa. Kilichokosekana ni sauti. Siku ya kwanza Mnara hakupiga. Msusi akajiambia labda ana kazi. Siku ya pili kimya. Wiki ikaisha, ya pili ikaanza, na kila jioni wenzake wakivua mabuti na kukanda nyayo, yeye anakikodolea macho kile kisimu. Kumpigia yeye kwanza? Hapana. Mtu kaiweka laini kwa mkono wake, namba anayo, akitaka atapiga. Kuwafukuzia wanaume kwa simu alishafanya ya kutosha kwenye ndoa.

Kisha akampigia mdogo wake, aliyemwachia saluni, na katika kupeana umbea mdogo wake akasema, "Shemeji alikuja jana. Kakaa hapa mpaka tukamkaribisha kwenye kiti cha wateja. Anasema mnaongea kila siku."

"Kasema nini?"

"Mnaongea kila siku. Kwani hamwongei?"

Msusi akasema mtandao unakatika, akakata yeye.

Uongo huo ndio uliomuuma kuliko kimya chote. Angesema yuko bize, angevumilia. Lakini kukaa kwenye saluni yake, mbele ya mdogo wake, akadanganya kwa uso mkavu? Alishalionja hilo, na alilijua linakoishia. Akaamua yamekwisha, na akifika nyumbani hata duka lile hatalipita.

Kesho yake alitembea nyuma ya wenzake, mabega yameshuka. Mkunga mstaafu, mkubwa wao kwa umri na kwa maneno, akapunguza mwendo hadi wakawa sambamba. Alikuwa amewatoa wanawake siri wakiwa na uchungu wa kuzaa, sembuse wa mapenzi. Walipofika penye majabali ya kupumzikia, alikuwa ameshayapata yote.

"Namba hiyo ulimpa?" mkunga akauliza.

"Anayo, mama. Laini kaiweka yeye."

"Sikukuuliza kama aliiona. Nimekuuliza kama ulimpa."

Msusi akakitoa kile kisimu, akakigeuza kiganjani.

"Mwanangu, wodini niliona mafaili ya wanawake wa mji mzima. Sikuwahi kumgongea yeyote mlangoni kwake. Wapo watu wanaochukulia kazi hivyo."

Msusi akainuka, akawaacha wenzake wakimenya machungwa, akapanda jabali la juu kutafuta mtandao. Alitoa ile kadi kwenye mfuko wa koti na kubonyeza namba taratibu. Mnara akapokea kwa ile sauti yake ya kazini.

"Ni mimi," akasema msusi.

Nyuma ya Mnara alisikia makelele ya foleni. Kisha mlango ukafungwa na makelele yakapotea.

"Kiguu. Uko mzima?"

"Mzima. Kwa nini hukunipigia?"

"Hukunipa namba."

"Si uliiweka wewe?"

"Niliiweka kama muuzaji. Nikaijaribu, nikaifuta hapohapo. Tukianza kuchukua namba za wanawake kwenye laini tunazowauzia, nani atatuamini tena na simu yake? Dada yangu aliwahi kusumbuliwa na muuzaji wa namna hiyo mpaka akatupa laini. Nikasema wewe kadi yangu unayo. Ukinitaka, utanitafuta."

"Na saluni ulienda kudanganya watu."

Mnara akashusha pumzi. "Mdogo wako aliniuliza mbele ya wateja wote kama tunaongea. Nikaona aibu kusema umeninyamazia. Nilidanganya, mpenzi. Nilipotoka tu nje uongo huo ulinikaa kooni, na mpaka leo haujashuka. Leo jioni ninapita kumwambia ukweli, hata wote wakiwepo."

"Watakucheka."

"Nitachekwa. Bora wao kuliko wewe unione mwongo."

Msusi akakaa chini juu ya jabali. Mtu wake wa zamani hakuwahi kukiri uongo hata mmoja, hata uongo wenyewe ulipokuwa umesimama mbele yao na mkoba wa kike mkononi. Huyu anakiri wa dakika moja, tena uliozaliwa na aibu tu, na anautafutia mashahidi. Alitazama bonde lote lililokuwa chini yake, kubwa na la kijani, akaona kwamba anachokitaka zaidi ni kumsimulia yeye.

"Andika," akasema.

"Naiona hapa kwenye kioo."

"Andika, Mnara. Nakupa mimi."

Akamtajia tarakimu moja moja, na Mnara akawa anazirudia nyuma yake kama mwanafunzi. Chini kule mkunga alikuwa amenyamazisha kundi zima ili lisikie vizuri.

"Kiguu," akasema Mnara walipomaliza, "shangazi yako anapokea wageni siku gani? Nataka kuja rasmi. Na watu wangu."

"Shangazi atakuuliza maswali mpaka utokwe na jasho."

"Atanitoa jasho kuliko foleni ya mwisho wa mwezi?"

Msusi akacheka, na machozi yakapita katikati ya kicheko. Mbele yake njia ilikuwa inapanda tena, nyembamba, inapotelea mawinguni, na moyo wake ukaitamani vilevile kama mwanzo.

"Waambie watu wako wajiandae polepole," akasema. "Bado nina milima yangu, na siruki hata mmoja. Nikishuka wa mwisho, uje."

"Nitakupigia kila jioni."

"Ukikuta nimelala?"

"Nitapiga kesho yake."

Akafunga simu, akakaza kamba za mabuti, akawafuata wenzake.