Koti la Beda Mgaya

Kicheko kilitoka kabla ya kichekesho. Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza, na Mzee Valeriani Mapunda, mtu aliyekula ugali wa kuchekesha watu kwa miaka hamsini, alilisikia kabla ya wengine wote mle studio.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani na bodaboda zinapigiana honi kule chini upande wa soko. Redio ile ndogo iko ghorofa ya pili. Katika kuzipanda ngazi zake mzee alisimama mara tatu, na kila mara alijifanya anasoma matangazo ya ukutani. La mwisho lilikuwa la kliniki ya wajawazito. Alilisoma lote.

"Shikamoo babu," Lightness, mtangazaji, alimpokea mlangoni.

"Marahaba. Mwambie mwenye jengo ngazi zimeongezeka tangu nilipokuja mara ya mwisho."

"Hujawahi kuja huku, babu."

"Ndiyo maana sikuona zinavyoongezwa."

Kipindi chenyewe kilikuwa cha kuwaenzi wakongwe, na wiki ile mkongwe alikuwa yeye. Alibeba bati la biskuti lililojaa kanda za zamani, kumbukumbu za siku alizoalikwa redioni na kwenye televisheni kule Dar es Salaam, wakati mgeni wa redio akirudi kwao anatazamwa kama mtu aliyetoka kuhojiwa na malaika. Safari ya siku tatu kwa basi, dakika saba za kuongea, siku tatu za kurudi na mafua juu. Valeriani alikuwa mwigaji wa sauti. Aliiga jogoo, aliiga basi linalopanda milima ya Lukumburu na mzigo wa mahindi, aliiga padri wa Kijerumani anayejifunza Kingoni. Lakini kilichomfanya aalikwe tena na tena ni Beda: sauti ya mzee mmoja mlevi mwenye koo la kukwaruza, anayecheka kwa kuvuta pumzi ndani, hii-hii-hii, kama pampu ya baiskeli inayovuja.

Daimu, fundi mitambo, kijana wa makamo kutoka Tunduru, alikuwa amezihamishia kanda kwenye kompyuta. Akabonyeza ya kwanza. Redio, mwaka themanini na nne. Ikatoka hii-hii-hii, halafu ndipo sauti ya Valeriani, changa na nyembamba, ikaanza kusimulia.

Mzee akavua spika za masikioni. "Nani huyo aliyecheka?"

"Si watazamaji, mzee?"

"Hapakuwa na watazamaji. Tulikuwa watatu. Mtangazaji, mimi na feni, na feni ilikuwa mbovu."

Wakasikiliza tena. Safari hii Lightness naye alisikia. Valeriani wa kwenye kanda alikuwa anasimulia, na chini ya sauti yake, wakati uleule, bila kupokezana, Beda alikuwa anaongea.

"Mliunganisha kanda mbili?" Daimu aliuliza, akipunguza sauti ingawa matangazo ya biashara ndiyo yaliyokuwa hewani.

"Kwa mashine ipi? Kanda yenyewe tuliazima."

Ndipo harufu ikaingia. Dirisha lilikuwa limefungwa, kiyoyozi kinanguruma, na katika ubaridi ule wa chumba kisafi kikaja kitu kama ulanzi, pombe ya mianzi, uliochacha, na tumbaku, na chini yake udongo mbichi, ule unaonuka asubuhi watu wanapochimba. Beda wa kwenye kanda akakohoa. Akasema maneno ambayo Valeriani hakuwahi kuyasema mahali popote: "Nina baridi."

Daimu alizima. Taa nyekundu ikawaka, walikuwa hewani.

Lightness ni mtu wa kazi. Alimkaribisha mgeni, akamwuliza habari za enzi zile, na mzee akajibu vizuri tu, akarudia kichekesho chake cha ngazi, wakacheka. "Sasa babu, wasikilizaji wanaomba jogoo."

Mzee akafumbua mdomo. Jogoo hakuja. Akajaribu basi la Lukumburu, ikatoka hewa kavu. Padri naye hakuwepo. Alitafuta kooni kama mtu anayepapasa mfukoni kwenye foleni, na mle ndani palikuwa pamebaki mtu mmoja tu, na mtu huyo hakusubiri kuitwa. Hii-hii-hii. Lightness alicheka kwa ajili ya wasikilizaji. Macho yake hayakucheka.

Nyumbani Bombambili, Ekaristia alikuwa barazani na redio mapajani. Presha ya macho ilimnyang'anya nuru miaka sita iliyopita, na tangu hapo dunia yake yote ilikuwa inapita katika koo la mumewe. Kila asubuhi Valeriani alimsomea gazeti kwa sauti za wanaosemwa. Alimwigia majirani, mwenyekiti wa mtaa, binti yao Beata anavyogombana na wauza mkaa. Watu walidhani ni uchekeshaji. Kwa Ekaristia yalikuwa macho.

"Baba Beata," alisema kabla mumewe hajaketi. "Kile kicheko cha mwisho hukucheka wewe."

Valeriani alitaka kufanya mzaha. Akakaa chini, akamwambia jambo aliloficha miaka arobaini.

Beda Mgaya alikuwa mtu kweli, Mbena wa Madaba, mtani wake wa kutukanana sokoni na kugawana kibuyu. Alipokufa, Valeriani kama mtani alikwenda kufanya kazi ya mtani msibani: alivaa koti la marehemu na kofia yake, akatembea kama yeye, akacheka kama yeye, akadai kaburi ni fupi na chakula hakina chumvi, mpaka wafiwa wakacheka huku kamasi zinawatoka. Hiyo ni heshima. Lakini kuna sehemu ya mwisho. Kabla ya kuondoka mtani husimama miguuni pa kaburi, anavua nguo za marehemu, anamwambia, "Chukua chako, nami nabaki na changu," kisha anajitaja jina lake mwenyewe.

"Na wewe hukuvua," Ekaristia alisema.

"Lori lilikuwa linapiga honi. Simu ya maandishi ilikuwa imefika, wananitaka Dar. Na baridi ya Juni, unaijua ya Madaba. Nikasema nitavua siku nyingine. Nikafika redioni na koti mwilini, wakaniuliza una kipya gani."

"Koti liko wapi?"

"Sandukuni. Nilikuwa nalivaa kwenye maonyesho."

Ekaristia alizima redio. "Miaka yote hiyo nalifua mimi," alisema. "Nilidhani jasho ni lako."

Jumatatu mchana Daimu alimpigia simu, anahema. Alikuwa ameihamisha kanda ya picha, ya miaka ya tisini, televisheni ilipokuwa ndiyo kwanza imeanza huku bara na Valeriani alipoalikwa kujaza dakika kumi kabla ya taarifa ya habari. Mzee akapanda zile ngazi bila kusoma tangazo lolote.

Kwenye kioo alijiona, kijana wa miaka arobaini na kitu, amesimama mbele ya pazia la bluu. Sauti ya Beda ilikuwa inasimulia, watu wa studio wanacheka nyuma ya kamera, na mdomo wa Valeriani ulikuwa umefungwa. Ulikuwa umefungwa kabisa, umebanwa katika tabasamu la mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, huku kifua cha koti kikipanda na kushuka kwa kile kicheko cha kuvuta ndani, na macho yake, macho ya mtu yuleyule aliyekuwa sasa ameshika ukingo wa meza ya Daimu, yalikuwa yanaitazama kamera bila kupepesa kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya gari anayeona watu wanapita na hawamwoni. Na koti lile, ambalo siku ya msiba lilimbana kwapani na mikono yake kuishia mbali na viganja, kwa maana Beda alikuwa mtu mfupi mwembamba, kwenye picha lilimwenea.

"Hili jini, mzee," Daimu alinong'ona. "Wallahi hili jini."

Akampigia mjomba wake Abdulhamid kule Tunduru, mtu anayesomea watu wenye mashetani, akaweka simu mezani wote wasikie. Mjomba alisoma aya, akasikiliza, akasoma tena.

"Jini angenijibu," alisema hatimaye. "Huyu ananicheka. Kwangu hatoki. Mpelekeni kwa watani wake, upesi, kabla hajasahau yeye ni nani."

Kufikia Alhamisi Ekaristia alikuwa amekwisha kuuliza mara mbili, "Nani huyo?" mumewe alipomsalimia asubuhi. Jumamosi alfajiri mzee alipanda basi la Njombe na koti ndani ya mfuko wa sandarusi. Ekaristia alimsindikiza hadi kizingitini, akamshika kidole chake kilichopinda, kile kilichovunjwa na mlango wa lori.

"Nirudishie sauti yangu, Baba Beata," alimwambia. Alisema yangu.

Lidwina, binti wa Beda, mama mwenye wajukuu sasa, alimpokea kituoni Madaba na mikono kiunoni. "Mtumwa wetu! Umechelewa miaka arobaini. Koti la baba limekuwa la kwako?"

"Nyamaza, mtumwa wangu ni wewe. Nilikuwa nalipiga pasi."

Walicheka wote wawili, na kwa dakika moja mzee aliamini mambo yatakwisha hivihivi, kwa matusi mema na kikombe cha ulanzi. Kaburi lilikuwa nyuma ya shamba la mahindi, ukungu bado umelala. Akalivaa koti. Lilikuwa la moto, kama limevuliwa na mtu sasa hivi. Akasimama miguuni, akalivua, akalilaza juu ya udongo.

"Beda. Chukua chako, nami nabaki na changu. Mimi ni Valeriani Mapunda."

Kitu kikatoka kooni mwake, kirefu na chembamba, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye pindo, hakikuuma, kikaendelea kutoka mpaka machozi yakamlenga, na kilipokwisha alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Akageuka bila kutazama nyuma, kama inavyotakiwa. Lidwina akampa kikombe. Mzee alifumbua mdomo kumshukuru.

Kikombe kikaanguka. Lidwina alirudi nyuma, mkono mdomoni, na usoni mwake hofu na furaha vilikuwa vinagombania nafasi. "Baba?" alisema.

Valeriani alikimbia kaburini. Akalivaa koti tena, akalivua, akalivaa, akalivua, akataja jina lake mpaka jua likatoka na ukungu ukakatika, na kila mara jina lake lilitamkwa na Beda, kwa koo la kukwaruza, kwa adabu, kama mtu anayesoma jina la mwingine kwenye orodha, kwa kuwa miaka arobaini ni mingi na sauti mbili zikilala koo moja muda wote huo hata mwenye koo hajui tena ipi ni ya nani, na aliyekuwa chini alipoambiwa achukue alichukua ile iliyokuwa juu, ya Valeriani mwenyewe.

"Acha," Lidwina alisema kwa upole. "Akishapokea, amepokea."

Alifika Bombambili saa kumi kasoro. Ekaristia alikuwa barazani, redio mapajani.

"Mama Beata. Ni mimi."

Ekaristia alicheka. "Acha mchezo, Baba Beata. Umenitisha wiki nzima. Haya, ongea kwa sauti yako."

"Ndiyo hii."

"Imetosha bwana. Sauti yako."

Akajaribu. Mungu anajua alivyojaribu. Kicheko kilimtoka mkewe usoni kidogokidogo. Mzee akapiga magoti, akamwekea mikono yake mikononi, na Ekaristia akaipapasa, vifundo, makovu, mpaka kwenye kidole kilichopinda. Akakishika hapo.

"Mikono ni yake," alisema taratibu. "Wewe umeitoa wapi?"

Mzee akabana midomo. Kujibu kungekuwa kuongea.

Saa kumi ikagonga redioni, na Lightness akatangaza marudio ya kipindi cha wiki iliyopita. Ikatoka sauti ya Valeriani Mapunda, safi, changamfu, ikilalamikia ngazi. Ekaristia aliiachia ile mikono kama mtu anayeachia kitu cha jirani.

"Huyo hapo," alisema, akaikumbatia redio. "Mgeni, kaa kimya, nimsikilize mume wangu."

Mgeni akakaa kimya. Kipindi kikaenda vile kilivyokwenda, swali na jibu, mpaka mahali ambapo Lightness aliomba jogoo. Hapo, mahali ambapo juma lililopita palikuwa na hewa kavu, sauti ikanyamaza kidogo, halafu ikasema polepole, kwa karibu, kama mtu aliyeweka mdomo kwenye tundu la ufunguo:

"Mama Beata, nina baridi."

Ekaristia hakushtuka. Aliinuka, akapapasa ukuta hadi chumbani, akarudi na blanketi la kitanda chao. Akaifunika redio pande zote, akaingiza pindo chini vizuri, kama anavyofunikwa mtoto, akaipakata tena.

Na pale chini kwenye ngazi ya baraza mzee alijikunja, meno yamebanwa, viganja viwili juu ya mdomo, akikizuia kicheko. Kikapita katikati ya vidole. Hii-hii-hii.

"Mgeni," Ekaristia alisema bila kugeuka, "kama unacheka, kachekee njiani."