Mayai Yenye Alama ya Mkaa

Kila asubuhi Tabita aliamka kabla malori hayajaanza kuunguruma kwenye foleni ya kuvuka mpaka kuingia Nakonde, upande wa Zambia. Alifagia uwanja, akachota maji, kisha akamsindikiza mama yake hadi barabarani. Mama alikuwa akiuza maharage ng'ambo ya mpaka na kurudi jioni. Shuleni kwao watoto walikuwa wengi kuliko vyumba, hivyo darasa la sita liliingia mchana. Asubuhi yote, basi, Tabita ndiye aliyemlea mdogo wake Edson, mtoto wa miaka miwili na nusu. Saa sita alimpeleka kwa jirani yao Bibi Ketrina, mjane aliyekuwa mzee wa kanisa, ndipo akaenda shule.

Mama hakuchoka kurudia agizo lake: asubuhi uji wa karanga na yai moja, mchana ugali wa dona na mboga za majani. Mayai yalitoka kijijini Ihanda kwa bibi yao mzaa baba. Aliyatuma kila Jumamosi katika ndoo ya pumba ili yasivunjike. Bibi huyo alikuwa na desturi yake. Kila yai alilichora kwa mkaa, mstari mmoja kwa lililotagwa siku ya kwanza ya juma, miwili kwa la siku ya pili, na kuendelea, ili yaliyotangulia yaliwe kwanza.

Tabita hakuwa mtoto mbaya. Mambo yaliharibika siku ile Faith, mwenzake wa darasani, alipomkuta akikoroga uji. Kwa akina Faith walikunywa chai kwa biskuti.

"Kumbe nyie bado mnakula vya shamba," Faith alisema huku akicheka. "Mdogo wangu hata hajui uji wa karanga unafananaje."

Kesho yake wasichana wawili shuleni walimwita Mama Uji. Jina likashika. Tabita alihisi uso unamwaka moto, akaapa moyoni kwamba hataonekana tena na mwiko mkononi.

Ndipo alipoanza kupeleka yai la Edson kwenye genge la muuzaji mmoja, Damiano, mtaa wa pili, akabadilishana naye kwa pakiti ya biskuti. Mchana nao, kabla ya kumpeleka kwa Bibi Ketrina, aliona ni kazi bure kusonga ugali kwa ajili ya mtoto aliyekwisha kushiba utamu, akampa chai ya rangi na biskuti nyingine. Edson alifurahi, akanyamaza. Tabita akapata nafasi ya kucheza mpira wa rede na wenzake, na hakuna aliyemwita tena Mama Uji.

Miezi miwili ikapita. Edson, aliyekuwa akiwakimbiza kuku wa jirani hadi wakapanda juu ya paa, sasa alikaa tu chini kando ya ukuta wa jiko. Siku moja Tabita alimwona akikwangua udongo wa ukuta kwa kucha na kuutia mdomoni. Alimchapa kidogo mkononi. Kesho yake alimkuta palepale. Tundu la ukutani lilianza likiwa na ukubwa wa kifuniko cha chupa. Baada ya wiki chache lilikuwa kama sahani. Tabita alisogeza pipa la maji, akalificha lisionekane. Lakini kila alipochota maji alijua kilichokuwa nyuma ya pipa.

Siku ya kliniki mama aliacha biashara yake, wakaenda wote watatu. Nesi Ikupa alimpima Edson, akaangalia kadi. Uzito haukuwa umepanda kwa miezi miwili. Alifunua kope za mtoto, akatazama viganja vyake vilivyopauka, akamtoboa kidole na kupima damu. Ilikuwa imepungua. Akauliza mtoto anakula nini, na mama akaeleza kwa fahari habari za mayai ya Ihanda, karanga na mboga za majani.

Nesi akamgeukia Tabita. "Wewe ndiye unayemlisha. Anakula hivyo vyote?"

"Anakula," Tabita alijibu.

"Udongo je? Hali udongo?"

Tabita alitazama ndala zake. "Hali."

Nesi aliguna. Alisema kwamba ikiwa mtoto anakula vizuri namna hiyo na damu bado inapungua, basi huenda kuna ugonjwa mwingine mwilini. Aliwaandikia barua ya kwenda hospitali kubwa siku ya Jumatatu. Mama aliikunja barua ile mara nne.

Walipofika nyumbani mama alikwenda kwa Bibi Ketrina kumweleza, Tabita akimfuata. Hakufika mlangoni. Kwenye lundo la majivu aliona maganda ya mayai, na juu ya maganda mistari ya mkaa.

"Bibi Ketrina, haya mayai umeyatoa wapi?"

Bibi alitoka nje, akajibu kwamba ameyanunua kwa Damiano.

"Tangu lini mama mkwe wangu anampelekea Damiano mayai?" Sauti ya mama ilipanda, na wanawake waliokuwa kwenye bomba la mtaa hapo karibu wakaacha ndoo zikifurika. "Nilikuaminia mtoto wangu, kumbe chakula chake kinaishia tumboni mwako."

Bibi Ketrina hakugombana. Alimtazama mama, akamtazama Tabita aliyesimama nyuma, akasubiri. Tabita alifumba mdomo kama aliyejaza maji. Bibi akaingia ndani, akarudisha mlango taratibu.

Jumapili, Tabita akiwa mbele na kwaya ya watoto, aliona kiti cha Bibi Ketrina kati ya wazee wa kanisa kiko kitupu. Bibi mwenyewe alikuwa benchi la mwisho, karibu na mlango, ameshika kitabu cha nyimbo bila kukifungua. Wanawake wawili wa bombani waligeuka kumtazama, wakanong'onezana. Tabita aliacha kuimba. Alipoitwa Mama Uji alidhani hakuna aibu kubwa kuliko ile. Sasa aliona kwamba ile ilikuwa si kitu. Aibu hii hakuna mtu aliyemvika. Aliishona mwenyewe, na mtu mwingine ndiye aliyekuwa ameivaa.

Ibada ilipokwisha hakungoja kufika nyumbani. Alimshika mama kitenge, akamwambia yote: Damiano, biskuti, chai, tundu nyuma ya pipa.

Mama aligeuka, akamwangalia Bibi Ketrina akiondoka peke yake. Kisha alisema, "Tulimwaibisha bombani, mbele ya watu. Basi na tukamsafishe bombani."

Walifanya hivyo jioni, wakati foleni ya ndoo ilipokuwa ndefu. Tabita alisema huku akilia, na hakuna aliyemsaidia neno hata moja. Alipomaliza, mama naye alipiga magoti mbele ya Bibi Ketrina, akaomba msamaha kwa kuhukumu kabla ya kuuliza.

Jumatatu walianzia kwa nesi. Alipousikia ukweli hakufoka. Alisema kwanza watibu kile wanachokijua, na barua ya hospitali ikae hadi waone mtoto anavyoendelea. Alitoa dawa ya minyoo na dawa ya kuongeza damu, akamweleza Tabita polepole: biskuti hushibisha tumbo lakini hazijengi damu, mtoto aliyepungukiwa damu mara nyingi hutamani udongo, na udongo humletea minyoo inayomnyang'anya hata kile kidogo anachokula. Ampe yai, maharage, dagaa na mboga za majani, pamoja na kipande cha chungwa. Chai asimpe kabisa, kwa kuwa huuzuia mwili kupata faida ya chakula.

"Ungenidanganya tena," nesi alisema, "ningetibu ugonjwa asiokuwa nao, na ule alio nao ungeendelea."

Mwezi mmoja baadaye uzito wa Edson ulipanda, na viganja vyake vikaanza kurudiwa na wekundu. Asubuhi moja Tabita alivuta pipa, akakanda udongo na majani makavu ili azibe lile tundu. Faith alipita, akamwona akiwa na tope hadi kwenye viwiko huku chungu cha uji kikichemka mekoni.

"Mama Uji, umerudi kazini," alisema.

"Nimerudi," Tabita alijibu. "Karibu kikombe."

Faith alisitasita, kisha akaketi.

Bibi Ketrina, aliyekuwa amekuja kumsaidia Tabita kusawazisha udongo ukutani kwa kiganja, alisubiri hadi tundu likazibwa. Ndipo akasema, "Mjukuu wangu, kula cha shamba si aibu. Aibu ni kuficha. Ulificha tundu kwa pipa, nalo likazidi kukua. Kosa ni hivyohivyo: lionyeshe likiwa dogo, lizibwe."

Tabita aliinamisha kichwa, akasema amesikia.

Edson alitoka jikoni na yai lake la kuchemsha, vidole vimeshika weusi wa mkaa. Alimega kipande kimoja, akakitia mdomoni mwa Bibi Ketrina. Bibi alitafuna taratibu, mbele ya wote.