Mrija wa Sofia

Mimi ni Soudi, fundi baiskeli wa Alunguli, mtaa wa mji wa Kindu. Kila asubuhi mke wangu Sofia alipika wali na maharagwe, akauza mlangoni kwetu. Mimi nilikaa pembeni na pampu yangu. Tulikuwa watu wa kucheka.

Siku moja jiwe likaziba njia ya mkojo wake, upande wa kushoto. Daktari alilitoa, akaweka mrija mwembamba wa plastiki kutoka kwenye figo mpaka kwenye kibofu, ili mkojo upite. Akatuambia, "Huu si wa kukaa. Baada ya miezi mitatu mrudi, tuutoe."

Miezi mitatu ikatimia. Sofia akasema, "Papa, siku imefika. Twende."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi tulia. Baba yangu alipigwa risasi ya paja wakati wa vita. Alitembea nayo miaka kumi na minane. Ilimufanya nini?"

Hapa Kindu tuko wengi tuliokulia na wazee wenye vyuma mwilini. Nilijiona mwenye akili. Sofia akarudi kwenye sufuria zake.

Mwaka wa pili ulipoisha akaanza kukojoa damu. Homa ikampanda, akatetemeka mchana kweupe. Nikamwita jirani yetu Nathalie, muuguzi. Alisoma karatasi ya hospitali, uso ukabadilika.

"Papa Soudi, huu mupira wa figo iko ndani miaka mbili?"

"Haukumuuma. Hata baba yangu na risasi yake…"

"Risasi ilikaa kwenye nyama. Huu iko kwenye njia ya mukojo. Mukojo inapita pale kila siku, chumvi yake inashika, inakuwa mawe. Njia inafunga, figo inakufa polepole. Kukosa maumivu si kupona."

Niliona aibu, nikainamisha kichwa.

Aliposikia lazima mrija utolewe hospitalini, Sofia aliogopa kupasuliwa tumbo. Nathalie akamshika mkono. "Hawapasui, Mama Sofia. Wanatoboa kitundu kidogo mugongoni, usaha wa kwenye figo utoke kwanza. Kisha wanaangalia kwenye mashine ya radio, ile ya picha. Wanapitisha pale waya wenye kitanzi, wanakamata mupira, wanavuta. Kama ungerudi kwa wakati, ungetolewa kwa njia ya mukojo tu, na ungelala kwako."

Ndivyo walivyofanya hospitalini. Mrija ulitoka na ganda jeupe, kama la ndani ya birika lililochemsha maji miaka mingi. Homa ikaisha. Sofia amerudi mlangoni, anauza.

Lakini figo ya kushoto haifanyi kazi tena. Kosa ni langu, silitupi kwa mtu.

Siku hizi nikisikia mtu amewekwa mrija, namfuata na chaki. Naandika tarehe ya kuutoa juu ya mlango wake. Wengine wamenifukuza, nikarudi kesho yake. Nimeandika milango mitano, na wenyewe wote watano walikwenda kwa wakati.

Juzi jirani mmoja alinisifu sana mbele ya Sofia. Yeye akaendelea kupakua wali. Jirani alipoondoka, akaniambia taratibu, "Wale wote watano wako na figo mbili."