Ardhi Ilipotikisika Mchombe

Mpunga ulikuwa umeanza kuiva Mchombe. Tangu alfajiri Yosefina alikuwa juu ya dungu shambani, akipiga kopo kufukuza ndege. Aliporudi nyumbani, alimkuta mumewe, Ponsiano, akifunga mizigo.

Jana yake ardhi ilikuwa imetikisika. Vyungu viligongana, na ukuta ukapata ufa.

“Chini yetu kuna moto,” alisema Ponsiano. “Tunahamia Mahenge kwa kaka.”

“Na mpunga?”

“Tukiungua, nani ataula?”

“Ndege! Hawaogopi moto wako. Watoto watakula nini mpaka mwakani?”

Bibi Serafina, jirani yao, aliwasikia akaingia. Aliwahi kuishi Tukuyu, ambako marehemu mumewe aliwapikia wapimaji wa miamba.

“Shikamoo, bibi,” alisalimu Ponsiano.

“Marahaba. Baba Wendelin, hata kinu kinahama?”

Yosefina alicheka. Ponsiano hakucheka. “Bibi, umeishi kwenye milima ya moto. Niambie kweli.”

Serafina alionyesha chungu jikoni. “Tazama uji mzito unavyochemka. Mvuke unausukuma, unaruka. Chini ya mlima wa volkeno, mbali sana ndani ya ardhi, mawe huyeyuka kwa joto, yakawa kama uji huu. Hukusanyika humo. Mvuke ukiyasukuma, hupanda kwenye nyufa na kutoka.”

“Na chini yetu?”

“Bondeni hapa hakuna mlima wa namna hiyo. Ardhi hutikisika pia miamba ya chini inapokatika na kuteleza.”

“Itarudia?”

“Huenda. Lini, hata wapimaji hawakujua. Lakini hatari yako haiko chini, baba. Iko juu.”

Alinyoosha kidole darini. Jiwe la kusagia, mbao na magunia ya mbegu vilikuwa vimerundikwa juu ya kitanda cha watoto. Mpunga mpya nao ungepandishwa hukohuko, kama ilivyo desturi.

Ponsiano alitazama juu. Kisha akaanza kufungua mizigo.

Waliteremsha vyote. Walijenga kihenge cha kuhifadhia mpunga nje, wakautegemeza ukuta wenye ufa kwa nguzo, wakahamisha kitanda. Watoto walifundishwa kukimbilia uwanjani ardhi ikitikisika.

Katikati ya mavuno ardhi ilitikisika tena. Wote walikimbia nje. Ndani, boriti ya dari ilianguka kwa kishindo.

Ponsiano alingoja, akaingia, akaikuta boriti imelala kwenye sakafu tupu, pale kilipokuwa kitanda cha watoto. Alitoka akipangusa jasho.

“Mama Wendelin, mundu wangu uko wapi? Ndege wameshatuona tumesimama.”