Tuta Lililojengwa Juu ya Nyasi

Mwashi alikunywa chai akiwa wima, akaacha nusu kikombe, akaenda kulitazama bwawa lake la kunyweshea ng'ombe mara ya tatu asubuhi hiyo. Alikuwa anajitafutia machungu tu. Maji yaliyokuwa yamejaa mwezi uliopita sasa hayakufika hata gotini. Nyuma ya tuta la udongo lililozuia maji, ardhi ilikuwa chepechepe.

Mwaka jana pia bwawa lilikauka. Mwaka huu aliongeza udongo juu ya tuta, akaushindilia mpaka mabega yakawaka moto. Wapi! Sasa mkewe alikuwa amesema, bila kupandisha sauti, kwamba maji yakiisha tena atampeleka ng'ombe wao kwa wazazi wake, karibu na mto. Ng'ombe akienda, maziwa ya watoto nayo yameenda.

Siku hiyo alikuja kaka wa mkewe, mchimba visima. Alilizunguka tuta polepole, akapiga magoti kwenye ardhi hiyo chepechepe, akacheka.

"Shemeji, nyumba za watu unazichimbia msingi?"

"Nisipochimba zitasimamaje?"

"Na hili tuta?"

Mwashi alijitetea kwamba huu ni udongo juu ya udongo, msingi wa nini? Yeye alikuwa amefyeka nyasi kidogo tu, akaanza kujenga.

"Basi maji hayapiti kwenye tuta lako," alisema shemeji yake. "Yanapita chini yake."

Wakachimba shimo pembeni. Juu palikuwa na udongo mweusi wenye mizizi. Chini yake ukatokea mchanga. Walipofika kiunoni ndipo wakakuta udongo wa mfinyanzi, mzito na mgumu. Mchimba visima alieleza kwamba mizizi ikioza huacha vijitundu, na mchanga hauzuii maji. Dawa ni moja: kulibomoa tuta na kuanzia chini.

Mwashi alitupa koleo. Alikwenda mpaka kwenye uzio, akarudi, akaenda tena. Jasho la miaka miwili! Na zilibaki wiki sita tu mvua zianze. Aliona aibu pia, maana yeye ndiye hugombeza vibarua wanaochimba msingi mfupi. Alipogeuka, mkewe alikuwa ameshaanza kubomoa.

Waliteka maji yaliyobaki wakamwekea ng'ombe kwenye mapipa, kisha wakaondoa mizizi na udongo mweusi wote pale tuta litakapokaa. Katikati, kutoka ukingo hadi ukingo, walichimba mtaro uliopita mchanga na kuingia ndani ya udongo wa mfinyanzi. Kabla ya kuujaza, mchimba visima alilowesha udongo huo wa mfinyanzi kidogo, akauviringisha ukawa mwembamba kama penseli, akaukunja. Haukukatika.

"Huu ndio unaoshika maji. Ukikatika, tafuta mwingine."

Mwashi, kwa haraka zake, alitaka kumwaga mkokoteni mzima. Shemeji yake akamzuia. Udongo uliwekwa unene wa shubiri moja, ukanyunyiziwa maji, ukashindiliwa, ndipo ukaongezwa mwingine. Tuta lilipanda hivyo hivyo. Pembeni, kwenye ardhi ngumu, waliacha njia pana ya maji ya ziada, yasije yakapita juu ya tuta na kulibomoa.

Mvua zikanyesha, bwawa likajaa, kisha jua likawaka. Kila siku mwashi alikwenda nyuma ya tuta, akavua viatu, akakanyaga. Pakavu. Hakuamini. Alikwenda miezi mitatu mfululizo, kama mtu anayefuatilia deni.

Siku moja mkewe alimfuata huko nyuma na majembe mawili.

"Kwa kuwa hubanduki hapa, nisaidie kuchimba mashimo ya nguzo," alisema. "Ng'ombe anakaribia kuzaa. Zizi halitawatosha wawili."

Mwashi akavaa viatu.